Franklin Roosevelt: Mzee wa Kanisa Aliyeunganisha Mataifa



Mara hii twawaletea maisha ya mtu ambaye wengi wetu tumelisikia jina lake katika habari za Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Lakini si wengi wajuao kwamba alikuwa pia mzee wa kanisa, kama wazee wetu wa hapa parishini. Huyu ni Franklin Delano Roosevelt, Rais wa 32 wa Marekani.

Alizaliwa tarehe 30 Januari, 1882, huko Hyde Park, kando ya mto Hudson katika jimbo la New York. Wazazi wake walikuwa watu wenye mali, naye alikuwa mtoto wa pekee wa mama yake. Walisali katika kanisa la Mtakatifu Yakobo, la Kanisa la Episkopali, ambalo ni ndugu wa Kanisa letu la Anglikana katika nchi ile. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa hilo. Baadaye Franklin naye akachaguliwa, akaishika kazi hiyo hata alipokuwa Rais, mpaka kufa kwake. Mwaka 1939 Mfalme George wa Sita wa Uingereza na malkia wake walipozuru Marekani, aliwachukua kusali pamoja naye katika kanisa lile lile la kijijini.

Alisoma Chuo Kikuu cha Harvard, mwaka 1905 akamwoa Eleanor, kisha akaingia katika siasa na kupanda upesi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye nguvu, apendaye sana kuogelea na kusafiri kwa mashua. Agosti 1921, akiwa na umri wa miaka 39, alishikwa na ugonjwa wa kupooza. Kwa siku chache tu miguu yake ikalegea kabisa. Mama yake alitaka arudi nyumbani akae kwa utulivu siku zote zilizobaki. Mkewe na rafiki yake, Louis Howe, hawakukubali. Wakamtia moyo, naye polepole akajifunza kusimama kwa vyuma vilivyofungwa miguuni, na kupiga hatua chache, mkono mmoja umeshika fimbo na mwingine umeegemea mkono wa mwanawe.

Hakupona. Lakini tangu siku hizo alijua jambo ambalo wakubwa wengi hufa hawajalijua, kwamba mtu hawezi kuvuka hata chumba kimoja asipopata wa kumshika mkono.

Akawa Gavana wa New York, na tarehe 4 Machi, 1933, akawa Rais. Wakati huo robo ya wafanyakazi wa Marekani hawakuwa na kazi. Na ng'ambo ya bahari madikteta walikuwa wakipata nguvu. Mussolini wa Italia aliivamia Ethiopia mwaka 1935, Japani ikaishambulia China mwaka 1937, na Septemba 1939 Hitler wa Ujerumani akaingia Poland. Juni 1940 Ufaransa ilianguka.

Wamarekani wengi hawakutaka vita. Roosevelt aliwaeleza kwa mfano ambao hata mtoto angeuelewa: nyumba ya jirani ikishika moto, humwuzii mpira wako wa maji, bali unamwazima auzime moto, naye atakurudishia baadaye. Machi 1941 ikapitishwa sheria ya kuwaazima silaha, chakula na magari wale waliokuwa wakipigana na madikteta. Urusi peke yake ilipata magari kiasi cha 400,000 kabla vita havijaisha.

Agosti 1941 Roosevelt alikutana na Winston Churchill, Waziri Mkuu wa Uingereza, kwenye manowari katika ghuba ya Placentia, Newfoundland. Jumapili tarehe 10 walifanya ibada juu ya manowari ya Kiingereza iitwayo Prince of Wales. Roosevelt aliukataa msaada wa kiti chake cha magurudumu. Alitembea sitahani kwa miguu yake ya vyuma, akimwegemea mwanawe Elliott, hatua kwa hatua, mpaka mahali pake. Mabaharia wa mataifa mawili waliimba na kusali pamoja. Miezi minne baadaye manowari ile ilizamishwa na ndege za Wajapani, na mamia ya vijana waliokuwamo wakafa.

Katika mkutano huo ndipo ilipoandikwa Hati ya Atlantiki, iliyosema kwamba kila watu wana haki ya kuchagua serikali yao wenyewe. Churchill aliliambia Bunge lake kuwa maneno hayo yalihusu hasa nchi zilizotekwa na Wajerumani. Roosevelt akatangaza kwamba yalihusu dunia nzima. Huku Afrika waliosoma walimsikia. Ndugu zetu askari wa KAR walipigana Ethiopia, Madagaska na Burma, na waliporudi walikuta bado wanatawaliwa. Swali kama ahadi ile ilikuwa yao pia halikunyamazishwa tena.

Tarehe 7 Desemba, 1941, Japani iliishambulia bandari ya Pearl Harbor, na Marekani ikaingia vitani. Tarehe 1 Januari, 1942, mataifa 26 yalitia sahihi tamko la kushirikiana mpaka ushindi, bila yeyote kufanya amani peke yake na adui. Jina la Umoja wa Mataifa, alilolipenda Roosevelt, lilianzia hapo. Kuwashika pamoja watu kama Churchill na Stalin wa Urusi, wasioaminiana, ilikuwa kazi kubwa. Majeshi yao yalipotua Normandy, Ufaransa, Juni 1944, Rais hakujisifu. Usiku ule aliomba katika redio, na taifa zima likaomba pamoja naye.

Lakini tusimfanye malaika. Februari 1942 alitia sahihi amri ambayo kwayo watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao wakiwa raia wa Marekani, waliondolewa majumbani mwao na kufungwa makambini bila hukumu. Yeye aliyepigania haki za mataifa ya mbali aliwaonea jirani zake kwa hofu. Serikali ya Marekani iliomba radhi kwa sheria mwaka 1988.

Machi 1945, aliporudi kutoka mkutano wa Yalta, alilihutubia Baraza la Kongresi akiwa ameketi, akaomba radhi kwa hilo, akataja waziwazi uzito wa vyuma vya miguu yake. Kwa miaka mingi alikuwa ameficha udhaifu huo mbele ya watu. Tarehe 12 Aprili alifariki huko Warm Springs, Georgia, akiwa na umri wa miaka 63. Akazikwa kwao Hyde Park, katika bustani ya mawaridi. Ujerumani ilisalimu amri mwezi uliofuata, na Japani mwezi Agosti.

Basi, wapendwa, madikteta walijiona kuwa hawamhitaji mtu, wakaanguka. Aliyesaidia kuwaangusha alikuwa mtu asiyeweza kusimama bila kushikwa. Nasi hapa parishini tunao wanaoona haya kuomba msaada, na tunao wenye mikono yenye nguvu ambao bado hawajamnyoshea mtu. Jumapili ijayo, kabla hatujatoka kanisani, tutazame ni nani aliye karibu nasi anayehitaji mkono.