Jaji Aliyeifanya Kazi Yake

Benedicto Kiwanuka alizaliwa Buganda mwaka 1922. Alikuwa askari katika Vita Kuu ya Pili, akasomea sheria London, akaongoza chama cha DP, na mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, kwa miezi miwili tu. Mwaka 1969 serikali ya Obote ilimfunga. Januari 1971 Idi Amin aliitwaa nchi Obote akiwa safarini (wazee wa Milanzi, hapa Ufipa, nao husimulia enzi iliyotwaliwa mfalme akiwa mawindoni). Amin alimfungua Kiwanuka, akamfanya Jaji Mkuu.

Wengi wangalinyamaza kwa shukrani. Septemba 1972 aliletewa shauri la Mwingereza aliyezuiliwa na wanajeshi. Kiwanuka aliamua kwamba wanajeshi hawakuwa na mamlaka ya kumkamata, akaamuru aachiliwe. Hakuhutubia barabarani, wala hakukusanya watu. Twaona kwamba hapo ndipo raia wa kawaida, awe karani au mlinzi wa gereza, aweza kumfuata: kuifanya kazi yake kama sheria isemavyo, naye ajua yatakayompata. Tarehe 21 Septemba watu wenye silaha walimtoa mahakamani Kampala mchana kweupe. Mkewe na watoto hawakupewa hata mwili wa kuzika.