Ruth Harrison: Mama aliyeipigania nafasi ya kuku kizimbani

HAKUWA mkulima wala daktari wa mifugo, na nyama hakuila tangu utotoni. Hata hivyo, ukitaka kujua ni kwa nini leo kuna sheria zinazotaja ukubwa wa kizimba cha kuku wa mayai, huna budi kuanza na jina la Ruth Harrison.

Alizaliwa jijini London, Uingereza, mwaka wa 1920. Babake, Stephen Winsten, alikuwa mwandishi aliyefungwa gerezani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kwa kukataa kushika silaha. Mamake, Clara, alikuwa msanii. Vita vya Pili vilipozuka, Ruth alijiunga na kikosi cha ambulensi cha Marafiki, dhehebu lile lile lililoingia Kaimosi mwaka wa 1902 na ambalo wafuasi wake ni wengi Magharibi mwa Kenya. Baadaye alisomea uigizaji, na mwaka wa 1954 akaolewa na msanifu wa majengo, Dexter Harrison. Walijaliwa watoto wawili.

Pengine angeishi maisha yake kimya kimya, lau si kijikaratasi kilichopenyezwa mlangoni pake mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kilieleza habari za ndama waliofungiwa katika vibanda vyembamba ili nyama yao ibaki nyeupe. Kwanza alijiambia kuwa hayo hayakumhusu, kwa kuwa yeye hali nyama. Kisha ikamjia kwamba kunyamaza kwake nako kulikuwa kuyaruhusu mambo hayo yaendelee. Akafunga safari za kwenda mashambani, akayapekua majarida ya wafugaji wenyewe, na akaandika.

Kitabu chake, Animal Machines, kilitoka mwaka wa 1964. Dibaji iliandikwa na Rachel Carson, mwanasayansi wa Marekani aliyekuwa ameutikisa ulimwengu kwa kufichua madhara ya dawa za kuulia wadudu. Gazeti la The Observer lilichapisha sehemu za kitabu hicho, na barua za wananchi waliokasirika zikafurika serikalini.

Si kwamba mfumo wa vizimba ulibuniwa na watu katili. Sakafu ya waya huacha kinyesi kidondoke chini, hivyo kuku huepuka baadhi ya magonjwa. Mteremko wake huliviringisha yai hadi mbele, likaokotwa likiwa safi. Mfanyakazi mmoja aweza kuwahudumia maelfu ya kuku, na yai likawa rahisi kwa maskini. Lakini kuku huyo hawezi kutandaza mabawa, hana kiota cha kujifichia anapotaga, hana vumbi la kuoga wala ardhi ya kuparua. Kwa kukosa kutembea na kurukaruka, mifupa yake hudhoofika hata ikavunjika anapotolewa kupelekwa machinjoni. Wengi hukatwa ncha za midomo wasije wakadonoana.

Serikali ya Uingereza iliunda kamati chini ya Profesa Rogers Brambell. Harrison hakutiwa ndani. Hata hivyo, ripoti ya kamati hiyo, iliyotolewa mwaka wa 1965, ilikubali kwamba mnyama ana hisia, na kwamba kila mfugo apaswa kuweza kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kujinyoosha viungo. Mwaka wa 1968 sheria ilipitishwa iliyokataza kuwatesa mifugo bila sababu. Masharti kuhusu nafasi yalibaki kuwa ushauri tu, jambo lililomuudhi sana Harrison.

Hebu msomaji na apige hesabu. Kamati ya Brambell ilitaka kuku wasiozidi watatu katika kizimba chenye upana wa inchi 20 na kina cha inchi 17. Hiyo ni takriban sentimita mraba 730 kwa kila kuku, kuzidi kidogo karatasi ya A4. Sheria ya Ulaya ilipopatikana mwaka wa 1988, iliridhika na sentimita mraba 450. Miaka zaidi ya ishirini ilikuwa imepita, na kipimo kilikuwa kimerudi nyuma!

Mama huyu hakukata tamaa. Aliketi katika kamati za kuishauri serikali, mara nyingi akiwa sauti pekee iliyopinga, na akatafuta fedha za kugharimia utafiti. Alitambua kuwa huruma peke yake haingemshawishi waziri, ushahidi ulihitajika. Na ushahidi ulikuwa na vituko vyake. Kamati ya Brambell iliipinga sakafu ya waya mwembamba, ikidhani inaumiza miguu. Mwaka wa 1973 watafiti waliwaachia kuku wajichagulie wenyewe, nao wakaipendelea sakafu hiyo hiyo.

Mwaka wa 1986 alitunukiwa nishani ya OBE. Mwaka wa 1999 Umoja wa Ulaya uliamua kwamba vizimba vitupu, visivyo na kiota wala kijiti cha kusimamia, vipigwe marufuku kuanzia Januari 1, 2012, na kwamba kuku atakayebaki kizimbani apewe angalau sentimita mraba 750.

Harrison aliusikia uamuzi huo, lakini hakuishi kuuona ukitekelezwa. Aliaga dunia Juni 13, 2000, akiwa na umri wa miaka 79. Kitabu chake kilichapishwa upya mwaka wa 2013, na vizimba vya waya alivyovipinga vinaendelea kuuzwa kwa wafugaji katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo.