Edgar Allan Poe na Msimulizi Wake

Kila tunaposoma pamoja na wanachuo hadithi fupi ya kutisha iitwayo The Tell-Tale Heart, swali la kwanza huwa lile lile: je, mwandishi mwenyewe alikuwa na wazimu? Swali hilo si la kipuuzi. Msimulizi ni muuaji asemaye kwa nafsi ya kwanza, naye hujitahidi tangu mwanzo kutuaminisha kwamba akili zake ni timamu. Yafaa basi mwalimu ayajue maisha ya mtu aliyembuni.

Edgar Poe alizaliwa Boston, Marekani, tarehe 19 Januari, 1809. Wazazi wake walikuwa waigizaji. Baba aliitoroka familia. Mama alifariki mjini Richmond mwezi Desemba 1811, mtoto akiwa hajatimiza miaka mitatu. Alilelewa na John Allan, mfanyabiashara wa mji huo, aliyemsomesha vizuri lakini hakumfanya mwanawe kisheria. Chuo Kikuu cha Virginia alikaa chini ya mwaka mmoja, akatoka na madeni ya kamari. Chuo cha kijeshi cha West Point kilimfukuza mwaka 1831. Allan alipokufa mwaka 1834, hakumwachia kitu.

Tangu hapo aliishi kwa kalamu, na hapa ndipo tungependa mwanachuo atue. Poe alikuwa mhariri na mhakiki mkali. Mwaka 1842, akihakiki hadithi za Nathaniel Hawthorne, alieleza kanuni yake: hadithi fupi isomeke kwa kikao kimoja, na kila neno lielekee kwenye athari moja iliyokusudiwa. Januari 1843 The Tell-Tale Heart ikachapishwa. Mzee anayeuawa hana jina. Msimulizi naye hana. Kwa siku saba, usiku wa manane, msimulizi humchungulia mzee chumbani. Usiku wa nane anaua. Kila kisichohitajiwa kimeondolewa, tukabaki na jicho, taa na mapigo ya moyo. Hiyo ni kazi ya fundi apimaye kabla ya kukata.

Naye aliyapima hayo nyumbani mwake mkiwa na ugonjwa. Mkewe Virginia, binamu yake aliyemwoa mwaka 1836 akiwa na umri wa miaka 13 (jambo lisilofaa kufichwa wala kupambwa), alianza kutoka damu kinywani Januari 1842, akafariki kwa kifua kikuu mwaka 1847. Shairi la The Raven lilimletea Poe sifa mwaka 1845, lakini fedha kidogo sana. Pombe alikunywa, nayo ilimdhuru.

Tarehe 3 Oktoba, 1849, alikutwa hoi mjini Baltimore. Akafa siku nne baadaye, akiwa na miaka 40. Sababu haijathibitishwa hadi leo. Mara Rufus Griswold, mhariri aliyekuwa na uhasama naye, akachapa tanzia ya kumchafua chini ya jina la bandia, kisha wasifu uliotegemea barua alizozigeuza yeye mwenyewe. Mtaalamu Arthur Hobson Quinn aliufichua ughushi huo waziwazi mwaka 1941. Kwa karibu karne nzima, basi, walimu wengi walifundisha sura ya Poe iliyochorwa na adui yake.

Darasani sisi huchelewesha habari hizi. Kwanza wanachuo huisoma hadithi kwa sauti, wakiweka alama kila mahali msimulizi anapojisifu kwa uangalifu wake. Ndipo tunapolirudia lile swali lao.