Mwalimu Carver na Shamba Lililochoka

Wewe mkulima wa Kahama unaijua pamba. Ukiipanda mwaka hadi mwaka katika shamba lile lile, udongo huchoka. Soma habari za mtu aliyepambana na jambo hilo.

George Washington Carver alizaliwa utumwani huko Missouri, Marekani, karibu na mwaka 1864. Angali mtoto mchanga, aliibwa pamoja na mama yake. Yeye alirudishwa. Mama hakuonekana tena. Alisoma kwa taabu. Chuo kimoja kilimkataa kwa sababu ya rangi yake. Hata hivyo, mwaka 1894 alipata shahada ya kilimo.

Mwaka 1896 alikwenda kufundisha Tuskegee, Alabama. Wakulima weusi wa huko walikuwa maskini, na pamba ilikuwa imemaliza rutuba. Carver aliwashauri wapande kunde na karanga kwa zamu na pamba. Kwa nini? Ng'oa mkunde taratibu, utazame mizizi. Utaona vinundu. Humo huishi vijidudu wasioonekana kwa macho. Mmea huwapa sukari. Wao huchukua naitrojeni ya hewani, wakaigeuza kuwa chakula cha mmea. Pasua kinundu: kikiwa chekundu ndani, wamo kazini. Baada ya mavuno usichome majani na mizizi. Yakiozea shambani, zao linalofuata hunufaika.

Wakulima wengi hawakuweza kufika chuoni. Basi mwaka 1906 mafunzo yalianza kupelekwa vijijini kwa gari la kukokotwa. Karanga nazo zilihitaji walaji, kwa hiyo mwaka 1916 Carver alitoa kijitabu chenye njia 105 za kuzitayarisha.

Hakuoa. Alifariki tarehe 5 Januari 1943, akazikwa Tuskegee. Akiba yake aliiachia kazi ya utafiti.