Maisha ya Charles Dundas na Khabari ya Vihamba vya Kilimanjaro

Ewe msomaji, katika kitabu hiki kidogo twataka kukueleza maisha ya mtu ambaye hakuwa wa dini yetu wala wa nchi yetu, bali alikuwa mtumishi wa serikali ya kigeni. Lakini insafu ni wajibu hata kwa mgeni, na jambo alilolitetea lahusu udongo tunaoukanyaga sisi wa Moshi kila siku.

Charles Dundas, Mwingereza, alizaliwa mwaka 1884. Akaingia katika kazi ya serikali katika nchi ya Kenya, akakaa na Wakamba na Wakikuyu, akaandika desturi na hukumu zao. Baada ya Vita Kuu, Wajerumani walipokwisha ondoka Tanganyika, akaletwa Moshi kuwa mkubwa wa serikali. Hapo akajifunza mambo ya Wachagga kwa wazee wao, na mwaka 1924 akatoa kitabu juu ya Kilimanjaro na watu wake.

Kahawa aliikuta. Mapadre wa Kilema walikwisha ipanda tangu zamani za Wajerumani, na baadhi ya wenyeji wakaiga. Yeye akawahimiza watu waipande kwa wingi, kila mtu katika kihamba chake mwenyewe, chini ya migomba.

Na hapa, msomaji, yafaa tutue kidogo tutazame hicho kihamba. Mlima una mteremko, na mvua ya masika ina nguvu. Ardhi iliyopaliliwa ikabaki uchi hupigwa na matone, udongo wake wa juu ukachukuliwa na maji mpaka mtoni. Na huo wa juu ndio wenye rutuba. Katika kihamba, mringaringa huwa juu, mgomba chini yake, na mbuni chini ya mgomba, hata tone lifikapo ardhini halina tena nguvu. Majani na magogo ya migomba huachwa yaoze pale pale. Ng'ombe hufugwa nyumbani, wanawake wakawaletea majani kutoka nchi ya chini, na samadi ikarudi shambani. Basi kihamba hupokea chakula kutoka mbali. Tena mizizi ya mbuni ilayo chakula i karibu na uso wa ardhi. Mwenye kulima kwa jembe la kina huikata kwa mkono wake. Hukumu hii si ya mbuni peke yake: mashamba ya mizeituni katika vilima vya Andalusia, yakilimwa yakaachwa uchi, hupoteza udongo vivyo hivyo, na yakiachiwa nyasi baina ya miti huuhifadhi.

Turudi kwa mtu wetu. Baadhi ya Wazungu wenye mashamba walichukizwa. Walidai kwamba kahawa ya wenyeji italeta wadudu na magonjwa, na walikhofu kukosa vibarua, kwani mwenye mali yake haendi kumlimia mwingine. Kule Kenya karibu Waafrika wote walizuiwa kupanda kahawa hiyo. Dundas hakukubali Wachagga wazuiwe. Aliona dawa ya wadudu ni kufundisha watu kutunza miti, si kuing'oa. Mwaka 1925 kikaundwa chama cha wakulima wenyeji, Joseph Merinyo akiwa rais wake, kwa ajili ya kupiga vita wadudu na kuuza kahawa pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mahali pake pakashikwa na chama cha ushirika cha KNCU.

Dundas akahamishwa. Akatumikia Bahama na Rhodesia ya Kaskazini, akawa Gavana wa Bahama tangu mwaka 1937, kisha wa Uganda tangu mwaka 1940 hata 1944. Akaandika khabari za maisha yake, akafa mwaka 1956.

Tumpe haki yake wala tusimzidishie. Yeye alihimiza mbuni na kuulinda mbele ya waliouchukia. Lakini kihamba hakukitunga yeye. Kilitungwa na wazee waliochimba mifongo ya maji na kubeba samadi, ambao majina yao hayakuandikwa. Leo vihamba vyagawanywa kwa warithi hata vimekuwa vidogo, na wako wakatao miti ya kivuli kwa kutaka fedha ya upesi. Na afanyaye hivyo huuza udongo wa wanawe, ambao akitaka kuununua tena hataupata sokoni.