Marehemu Sokoine na Tarehe 12 Aprili

Katika kalenda ya bweni letu hapa Ngaramtoni, tarehe 7 Aprili ni nyekundu, kwa kuwa ni siku ya Karume. Tarehe 12 ni nyeusi tu. Nami naona yafaa niwakumbushe wasomaji habari zake.

Siku hiyo mwaka 1961 Yuri Gagarin wa Urusi alikuwa mtu wa kwanza kufika anga za juu. Siku hiyo hiyo mwaka 1984 jirani yetu, Edward Moringe Sokoine, alifariki kwa ajali ya gari huko Dakawa, Morogoro, akitoka Dodoma.

Alizaliwa Monduli mwaka 1938, akawa Mbunge mwaka 1965, kisha Waziri Mkuu mara mbili: 1977 hadi 1980, na tena tangu 1983. Mwaka huo bidhaa zilikuwa adimu madukani, naye akawasaka walanguzi walioficha vitu kama sukari na sabuni. Chuo Kikuu cha Kilimo, Morogoro, chaitwa kwa jina lake. Alizikwa kwao Monduli Juu.

Basi, wenzangu, siku hiyo tusingoje pilau wala mapumziko. Kila mwenye sukari sandukuni na aitoe, uji uwe mtamu kwa wote.