Imamu Abu Hanifa na kitambaa chenye kasoro

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), ambaye kabla ya kupewa Utume alikuwa mfanyabiashara aliyejulikana kwa watu wa Makka kwa jina la Mwaminifu, na ziwashukie jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu, wengi wetu katika mwambao huu wa Afrika Mashariki tumelelewa katika madhehebu ya Imamu Shafi, na Imamu Abu Hanifa tunamjua zaidi kwa jina, au kwa kuwaona ndugu zetu wenye asili ya Bara Hindi wakiswali kwa kufuata fiqhi yake. Tukimtaja, tunamtaja kama mwanachuoni. Ni wachache wanaokumbuka kwamba Imamu huyu alikuwa na duka, mtaji, washirika na watu waliouza kwa niaba yake, na kwamba hakuifunga biashara yake alipokuwa mwanachuoni mkubwa. Ijumaa ya leo tumependelea kumtazama akiwa sokoni, kwa sababu huko ndiko wengi wetu tunakoshinda, na huko ndiko dini yetu inakopimwa.

Jina lake ni Nu'man bin Thabit. Alizaliwa katika mji wa Kufa, nchini Iraq, mwaka 80 Hijria, sawa na mwaka 699 Miladia. Ukoo wake ulikuwa wa asili ya Kiajemi, na wapokezi wengi wanasema babu yake alitoka Kabul. Biashara yake ilikuwa ya khazz, yaani vitambaa vilivyofumwa kwa hariri na sufi, bidhaa ya thamani kubwa katika zama zile. Duka lake lilikuwa katika jumba la Amr bin Hurayth, mahali palipojulikana sana mjini Kufa.

Katika ujana wake alikuwa mtu wa soko zaidi kuliko mtu wa darasa. Inasimuliwa kuwa siku moja alipokuwa akipita kwenda sokoni alikutana na mwanachuoni Amir al-Sha'bi, ambaye alimuuliza ni kwa nani anakohudhuria. Kijana akajibu kuwa anakwenda sokoni. Mzee yule, kwa kuona akili na uchangamfu wake, akamnasihi asiache kukaa na wanavyuoni. Maneno hayo yalimwingia moyoni. Akajiunga na darasa la Hammad bin Abi Sulayman, akadumu naye kwa takriban miaka 18 hadi mwalimu huyo alipofariki mwaka 120 Hijria. Hapo wanafunzi walimtaka Abu Hanifa akalie nafasi ya mwalimu wao.

Hata hivyo duka halikufungwa. Imamu alikuwa akipeleka bidhaa miji mingine, akinunua nyingine na kuzileta Kufa, na faida akiikusanya mwaka hata mwaka. Kwa faida hiyo aliwanunulia wanavyuoni chakula na mavazi, kisha akawapa kilichobaki, akiwaambia wasimshukuru yeye bali wamshukuru Mwenyezi Mungu. Miongoni mwa walionufaika ni mwanafunzi wake Abu Yusuf, kijana wa familia maskini ambaye nyumbani kwao walimtaka aache masomo akatafute riziki. Imamu alichukua jukumu la kumtunza. Kijana huyo baadaye akawa Kadhi Mkuu katika utawala wa Khalifa Harun al-Rashid, na wanahistoria wanamhesabu kuwa wa kwanza kupewa cheo hicho. Aidha, imepokewa kwamba mtoto wake, aliyeitwa Hammad, alipohitimu kujifunza Suratul Fatiha, Imamu alimpa mwalimu wa mtoto dirhamu 500, na bado akaona kuwa ni kidogo.

Sasa tuje katika kisa ambacho ndicho hasa kilichotufanya tushike kalamu. Imamu alikuwa na mshirika katika biashara aliyeitwa Hafs bin Abdulrahman. Siku moja alimpelekea bidhaa akauze, na akamjulisha kuwa katika kitambaa fulani mna kasoro, hivyo atakapokiuza ambainishie mnunuzi. Hafs akauza bidhaa zote. Akasahau kuitaja ile kasoro, na hakumjua mtu aliyekinunua kitambaa kile. Imamu alipopata habari, aliitoa sadaka thamani ya bidhaa zote zile. Wapo waliopokea kuwa zilikuwa dirhamu 30,000, na kwamba ushirika wao nao ulifikia kikomo.

Ndugu msomaji, tukitafakari kisa hiki tutaona kwamba Imamu alikuwa na udhuru mwingi. Hakuwa yeye aliyeuza. Alikwisha kutoa maelekezo yaliyo wazi. Mshirika wake hakukusudia kudanganya, bali alisahau, na kusahau ni jambo ambalo Mwenyezi Mungu amelisamehe. Kitambaa chenye kasoro kilikuwa kimoja tu, na vingine vilikuwa salama. Mnunuzi mwenyewe hakurudi kulalamika. Mfanyabiashara wa leo angezitaja hoja hizo moja baada ya nyingine, kisha akalala usingizi mnono.

Kwa nini basi Imamu hakuzitumia? Tunaona sababu mbili. Ya kwanza ni ya kifiqhi. Katika sheria yetu, mnunuzi aliyeuziwa kitu chenye kasoro bila kujulishwa ana haki ya kukirudisha. Haki hiyo haiondoki kwa kuwa muuzaji alisahau. Mwenye haki akiwa hajulikani, mali yake haigeuki kuwa halali kwa aliyeishika, na njia iliyo salama ni kuitoa sadaka. Na kwa kuwa fedha za kitambaa kile zilikwisha kuchanganyika na nyingine, Imamu aliona ni heri apoteze kilicho chake kuliko abaki na kisicho chake.

Sababu ya pili inahusu malezi ya watu walio chini ya mkono wetu, na hii ndiyo tunayoiona kuwa na uzito mkubwa kwa kila mwenye duka, karakana au kampuni. Maelekezo hayamgharimu mwenye mali kitu chochote. Kila mwajiri anaweza kuwaambia vijana wake wawe waaminifu, na wengi husema hivyo. Lakini anayefanya kazi chini yetu husubiri kuona tutafanya nini pale fedha zitakapokuwa zimekwisha kuingia kwenye sanduku. Kama tutazipokea na kunyamaza, atakuwa amejifunza kwamba yale maneno ya uaminifu yalikuwa ya kupambia duka. Kama tutazitoa, hata awe mzito wa kuelewa kiasi gani, atajua kuwa katika nyumba hii faida yenye udanganyifu haihesabiwi kuwa ni faida. Hatudhani kuwa mtu yeyote katika soko la Kufa aliyesikia habari ya sadaka ile alihitaji tena kukumbushwa ataje kasoro.

Na Imamu hakuwa mkali katika hasara peke yake. Hata kwenye ununuzi alikuwa hivyo. Inasimuliwa kuwa mwanamke mmoja alimletea vazi la hariri alinunue, akataka dirhamu 100. Imamu akamwambia lina thamani zaidi ya hiyo. Mwanamke akaongeza mia baada ya mia mpaka akafika 400, na Imamu bado akasema lina thamani zaidi. Mwanamke akadhani anafanyiwa mzaha. Imamu akamtaka amlete mtu mwenye kujua bei. Akaletwa, na Imamu akalinunua vazi lile kwa dirhamu 500. Tuangalie hapa: mwanamke yule aliridhia mia moja, na sheria isingemlazimisha Imamu kuongeza. Lakini hakutaka kutajirika kwa kutojua kwa mtu aliyesimama mbele yake.

Kisa kingine ni cha ajuza aliyekuja dukani akaeleza kwamba yeye ni mtu dhaifu, akaomba auziwe nguo kwa bei ile ile ambayo Imamu aliinunulia. Imamu akamwambia aichukue kwa dirhamu nne. Bi kizee akamlaumu kwa kumfanyia dhihaka mtu mzima. Imamu akamfahamisha kuwa alinunua nguo mbili, akaiuza moja kwa bei iliyorudisha mtaji wa zote mbili isipokuwa dirhamu nne, hivyo hii iliyobaki imemsimamia kwa dirhamu nne tu. Nani angejua kama angetaja bei nyingine? Hesabu zilikuwa kichwani mwake. Lakini mauzo ya kurudisha mtaji, ambayo mafakihi huyaita tawliya, yamejengwa juu ya amana, kwa sababu mnunuzi hana njia ya kuchunguza na anategemea ulimi wa muuzaji. Katika madhehebu ya Imamu, muuzaji akibainika kuwa alidanganya mtaji katika mauzo ya namna hiyo, mnunuzi hupunguziwa kile kilichozidishwa. Fiqhi aliyoifundisha asubuhi ndiyo aliyoitumia kwenye mizani yake mchana.

Lipo jambo jingine katika maisha yake ambalo viongozi wa kazi wanapaswa kulizingatia. Darasa lake halikuwa la mwalimu kusema na wanafunzi kuandika tu. Mas'ala yaliletwa, yakajadiliwa, wanafunzi wakapinga na kutoa hoja, na pengine mjadala ulichukua siku nyingi kabla ya jambo kuandikwa. Abu Yusuf na Muhammad bin al-Hasan al-Shaybani, wanafunzi wake wakubwa, walihitilafiana naye katika mas'ala mengi, na hitilafu hizo zimehifadhiwa katika vitabu vya madhehebu yake hadi leo bila ya mtu kuona aibu. Mkubwa anayekubali kupingwa na wadogo hujengewa ukuta wa kumkinga na makosa. Na mkubwa ambaye wafanyakazi wake wanaogopa kumwambia kuwa bidhaa imeharibika, huyo ataletewa habari njema kila siku mpaka siku duka litakapofungwa.

Uaminifu huo ulimpa heshima kubwa kwa watu. Walimwekea amana zao nyingi, kwa kujua kwamba hazitaguswa. Lakini pia ulimletea mtihani. Mwishoni mwa utawala wa Bani Umayya, gavana wa Iraq, Yazid bin Umar bin Hubayra, alimtaka ashike wadhifa serikalini. Akakataa, akachapwa viboko, na bado akakataa. Kisha akaondoka kwenda Makka. Utawala ulipoingia mikononi mwa Bani Abbas mwaka 132 Hijria, sawa na 750 Miladia, mtihani ulirudi kwa sura nyingine. Khalifa Abu Ja'far al-Mansur, mjenzi wa mji wa Baghdad, alimtaka awe kadhi. Imamu akakataa tena, kwa kuchelea kuwa hukumu zake zingegeuzwa kuwa muhuri wa matakwa ya watawala. Akatiwa gerezani. Alifariki Baghdad mwaka 150 Hijria, sawa na 767 Miladia, akiwa na umri wa miaka 70 kwa hesabu ya Hijria. Watu waliohudhuria maziko yake walikuwa wengi mno hata swala ya jeneza ikarudiwa mara kadhaa. Akazikwa katika makaburi ya Khayzuran, na eneo hilo la Baghdad linaitwa Adhamiya hadi leo kutokana na lakabu yake ya Imamu Mkuu. Mwaka huohuo wa 150 ndipo alipozaliwa Imamu Shafi.

Tukiyaunganisha maisha haya, tunaona kuwa mtu aliyemkatalia Khalifa ni yuleyule aliyekataa fedha za kitambaa chenye kasoro. Hakuupata ujasiri ule gerezani. Aliuzoea dukani, katika mambo madogo ambayo hakuna aliyeyaona.

Ndugu zetu wenye biashara, na hasa zile za kifamilia, tujiulize. Kijana wetu wa dukani akimwambia mteja ukweli na mteja akaondoka bila kununua, je, tunamshukuru au tunamkaripia? Akirudi na faida kubwa kuliko kawaida, tunamuuliza ameipataje, au tunampongeza tu? Mtoto anayekaa na baba yake dukani siku za likizo anajifunza nini anapoona nyanya nzuri zimepangwa juu na zilizooza chini? Na mama anayewatuma watoto wakauze vitafunwa, anawaambia waseme vipi kuhusu vile vilivyolala tangu jana? Mwenyezi Mungu ameteremsha sura nzima inayoanza kwa kuwaonya wapunjao, na Mtume (S.A.W) amejitenga na mwenye kughushi. Hayo tunayajua na tunayasikia kwenye mimbari. Lililobaki ni kukubali hasara pale mafundisho hayo yanapotudai fedha.

Tunapendekeza jambo moja jepesi la kuanzia. Kila mwenye biashara atenge sehemu ndogo ya mapato yake kwa ajili ya kuwarejeshea wateja waliouziwa vibaya, na awatangazie wafanyakazi wake kuwa atakayeripoti kosa lake mwenyewe hatakatwa mshahara. Atashangaa ni makosa mangapi yaliyokuwa yamefichika yatakayojitokeza. Huenda mwezi wa kwanza ukamuuma. Lakini mwezi huo utawafunza watu wake kuliko nasaha za miaka kumi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu Abu Hanifa, azitakase chumo zetu, na awajaalie watoto wetu wale kilicho halali. Amin.

Wabillahi tawfiq.